Vituo Atamizi vya Kilimo: Nani Mwenye Maamuzi?

Mwaka 2023 vijana 812 waliingia vituo atamizi vya mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora, na mashamba makubwa yakaandaliwa Chinangali na Ndogowe, mkoani Dodoma. Shabaha ni sahihi, nasi tunaiunga mkono. Kijana asiye na ardhi, mtaji wala ujuzi hawezi kuhubiriwa tu kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, kisha akaachiwa jembe la mkono. Lakini wajibu wa kada si kupiga makofi. Wajibu wake ni kukosoa na kujikosoa.

Jambo lenyewe si geni. Kufuatia ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1961, Serikali ilianzisha makazi maalumu ya wakulima. Familia zilizochaguliwa zilifyekewa pori, zikaletewa matrekta, zikawekewa meneja. Makisio yalikuwa pauni 150,000 kwa kila makazi. Mwaka 1966 mpango ulisitishwa: gharama zilikuwa kubwa, madeni yalilimbikizana, na wakulima walijiona vibarua wa Serikali. Huo haukuwa uvivu. Mtu ambaye hakupanga kazi, hakuchagua zao wala hakushika hesabu, atalilindaje trekta kama mali yake?

Wakati huohuo, vijana wa TANU walikuwa wameanza Litowa, Songea, mwaka 1960. Jaribio la kwanza lilishindwa kwa kukosa chakula. Walijifunza, wakarudi. Kazi zao waliziamua wenyewe katika mikutano ya kijiji, na katika juhudi hizo kilikua Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mwaka 1969 kilivunjwa kwa uamuzi wa Kamati Kuu ya TANU.

Hapa ndipo kujikosoa kunapouma. Makazi yale yalipewa kila kitu isipokuwa madaraka, yakafa. Ruvuma ilijitwalia madaraka, ikavunjwa. Makosa yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni kutomwamini mkulima. Miaka miwili baadaye Mwongozo wa TANU wa 1971 ulifundisha kwamba maendeleo yasiyowapa watu madaraka juu ya mambo yao si maendeleo. Somo hilo lilikuwa limekwisha kulipiwa.

Basi kila kada anayetembelea kituo atamizi asiridhike na hesabu ya ekari na visima. Aulize maswali matatu. Kwanza, nani anaamua zao na bei ya kuuzia? Pili, hesabu za mkopo na pembejeo zinasomwa mbele ya vijana wote, au zinabaki kwa meneja? Tatu, wanavijiji waliokuwa wakitumia ardhi ile kabla wamepata nafasi gani katika shamba jipya?

Kuku huatamia mayai siku 21, kisha kifaranga hutoboa ganda mwenyewe. Serikali itoe joto: ardhi, maji, ujuzi na mikopo. Ganda alitoboe kijana. Na akishatoka, tusimrudishe ndani kwa sababu tu ameanza kuwika bila ruhusa yetu.