Namna ya Kumpima Fundi wa Kompyuta

Mji wa Tunduma, uliokaa mpakani uso kwa uso na Nakonde ya Zambia, hauna tena shughuli kubwa isiyopita katika kompyuta: wakala wa forodha hutuma tamko la shehena kwa mtandao, mwenye steshenari hupata riziki yake kwa kuchapa na kuskani, na mnunuzi wa kahawa atokaye Mbozi hutunza humo hesabu za msimu mzima. Kwa sababu hiyo mafundi wa kompyuta ni wengi, na wingi huo, ambao ni neema, ni mtihani pia kwa mteja, maana kazi yao haikaguliki kwa jicho kama mshono wa kanzu. Mashine huweza kuwaka mikononi mwa mbabaishaji kama iwakavyo mikononi mwa stadi, na tofauti ikadhihirika baada ya mwezi, ujira ukiwa umekwisha lipwa. Basi mteja asitosheke kuona mashine imewaka, bali asikilize kama fundi aweza kumweleza, kwa maneno ya kawaida, kwa nini ilizimika.

Dalili ya kwanza ya ustadi ni maswali. Fundi mwenye maarifa, kabla hajashika bisibisi, atataka kujua hitilafu ilianza lini, ni jambo gani lilibadilika siku zile, na ujumbe uliotokea kwenye kioo ulisema nini, neno kwa neno. Kisha atajaribu jambo moja baada ya jingine, akirudisha hali ya awali kila jaribio lisipofaulu, ili asije akatengeneza bila kujua alichotengeneza. Mbabaishaji ana dawa moja kwa maradhi yote, nayo ni kupiga window, yaani kuiweka Windows upya. Sisemi kwamba kupiga window ni haramu, kwani iko siku ambapo ndiyo njia fupi na ya haki. Lakini anayeishauri ilhali hajapima diski, hajajaribu RAM, wala hajauliza kama mafaili yana nakala mahali pengine, huyo hufuta ushahidi wa hitilafu pamoja na mali ya mwenyewe.

Liko jaribio ambalo mpaka wenyewe umetutunuku, nami nalipenda kuliko mengine yote. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyoachiwa ijipangie saa yake, ikidaka mnara wa Nakonde, huweza kugeuka ikafuata saa ya Lusaka. Mwenye papara huisogeza saa mbele kwa mkono, akaona imekaa sawa. Kumbe kifaa, ambacho kwa ndani hutunza wakati wa dunia na kuongeza tofauti ya nchi juu yake, sasa kimetangulia kwa saa nzima, na zile tarakimu za siri zinazobadilika kila sekunde 30, ambazo akaunti nyingi huzitaka baada ya nywila, zikawa zinakataliwa bila sababu iliyo bayana. Stadi hagusi saa kabla hajatazama nchi iliyochaguliwa. Kadhalika kompyuta ya zamani ambayo kila iwashwapo hurudi tarehe ya miaka iliyopita, na kivinjari kikakataa tovuti moja baada ya nyingine kwa madai kwamba si salama, aghalabu haina kirusi wala intaneti mbovu: imeishiwa betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, ambayo bei yake ni ndogo mno. Mpelekee fundi kompyuta ya namna hiyo, unyamaze, usikie atakutajia gharama gani.

Katika mtandao, stadi huigawa njia vipande: huuliza kwanza kama kompyuta inaiona ruta, ndipo aulize kama ruta inafika nje, ndipo aulaumu mtandao wa kampuni. Na ikiwa ruta ni ya laini ya simu, hapa kwetu hana budi kuhakikisha kwamba haijashikwa na mnara wa ng'ambo, jambo linaloweza kumaliza salio hali mwenyewe amelala.

Usalama ndipo penye hadaa nyingi. Flashi iliyozunguka steshenari tatu hurudi na mafaili yaliyogeuka shortcut. Asiyejua husema yamepotea, akaifomati, ilhali mara nyingi yamefichwa tu, na anayejua huyafichua, akayanakili, ndipo akaisafisha flashi na kompyuta pia. Muulize fundi window aliyoiweka ameipata wapi. Ile ya wizi aghalabu huja na kijiprogramu cha kuifungulia ambacho hutaka kinga ya virusi izimwe, na wengi huzima na masasisho kwa kuhofia bando. Na itakumbukwa kwamba shambulio la WannaCry la Mei 2017, lililofunga mafaili ya watu katika nchi nyingi na kudai fidia, lilipita katika tundu ambalo Microsoft ilikuwa imekwisha liziba tangu Machi mwaka ule kwa wale waliosasisha. Windows 10 nayo, ambayo ingali kwenye meza nyingi, msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na fundi mwaminifu hukuambia hayo kabla ya kupokea fedha.

Juu ya umeme sitasema mengi: atakayekuuzia kizuia-mshtuko bila kuutazama waya wa ardhini wa nyumba yako amekuuzia nusu ya kinga, na wakati wa mvua za radi, ambazo huku kwetu hunyesha kuanzia Novemba hata Aprili, waya wa mtandao utokao nje huchomolewa pamoja na ule wa umeme.

Mwisho huja makabidhiano. Fundi muungwana haandiki nywila yako kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kifuniko. Hukuita uiandike mwenyewe, kwa kuwa picha na barua zilizomo ni amana, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 jambo hili limepita uungwana likawa la kisheria. Hukurudishia kifaa kibovu alichokitoa, hata kama hakifai kitu, na stakabadhi yenye jina la kipya na muda wa dhamana; kisha huiwasha kompyuta mbele yako, akusubiri ufungue faili ulilolishughulikia mara ya mwisho, nawe ndipo umlipe.