Koo la milimita 27

Fundi wa kabureta anayeijua kazi yake hakimbilii spana. Anauliza kwanza. Unabeba nini? Njia yako ipi? Ukitoka Makutano kupandisha Butiama na mzigo, unatumia gia ya ngapi? Kijana wa bodaboda aliyeingia gereji ya Nyasho, mjini Musoma, anaona anapotezewa muda. Jibu anadhani analo tayari: kabureta mpya ya milimita 30, ingali kwenye boksi lake.

Kisa chake wanacho wengi. Injini ya 150 ya Kichina imechoka, bloku imechongwa, pistoni ya milimita 62 imetolewa na ya 67 imeingia. Mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 49.5, kwa hiyo ujazo umepanda kutoka sentimita za ujazo 149 hadi karibu 175.

"Fundi, hii sasa inataka kabureta kubwa."

"Kubwa kiasi gani, mdogo wangu?"

Kijana anatazama boksi lake. Wengi huchagua hivyo, kwa kuangalia iliyo kubwa kuliko zote dukani. Fundi anachukua kipande cha chaki na kuandika sakafuni.

Injini ya mipigo minne hunyonya hewa mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, silinda ya 149 ingejaa sawasawa ingemeza lita 596 za hewa kwa dakika. Ya 175 ingemeza 700. Haijai sawasawa hata siku moja, injini ya kawaida ikipata asilimia 80 au 85 ni ya kushukuru, lakini uwiano haubadiliki: mahitaji yamepanda kwa asilimia 17 hivi. Sasa koo la kabureta ni duara, na eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo chake. Hewa ya ziada ya asilimia 17 inataka kipenyo kiongezeke kwa asilimia 8 tu. Kabureta iliyokuja na pikipiki ni ya 26. Ongeza asilimia 8, unafika 28. Ya 30 aliyonunua kijana ina koo lililopanuka kwa theluthi nzima.

Halafu anafanya jambo ambalo mimi hulipenda kuliko hesabu yenyewe. Anaacha 28 iliyotoka kwenye chaki na kufunga 27. Kwa nini? Kwa sababu mteja wake anachukua magunia ya dagaa mwalo wa Mwigobero na kuyapeleka vijijini, na mwenye dagaa mgongoni hafiki mizunguko 8,000. Maisha yake yote yako kati ya 3,000 na 5,500. Hesabu iliulizwa swali la juu kabisa la injini, na kijana huyu haishi huko juu.

Kwamba koo pana linaweza kuinyima injini nguvu ni jambo gumu kumwingia mtu. Mtaliano Giovanni Battista Venturi alichapisha mwaka 1797 majaribio yake juu ya maji yanayopita kwenye bomba lenye kiuno chembamba: yakifika kiunoni yanakwenda mbio, na mgandamizo wake unashuka. Kabureta inaishi kwa upungufu huo. Hewa ikipita kasi kooni, petroli iliyo kwenye bakuli inavutwa juu kupitia jeti na kupasuliwa kuwa ukungu. Panua koo, na hewa ileile inapita polepole. Mvuto unalegea, petroli inachelewa, ikija inakuja kwa matone. Dereva anavuta mafuta, injini inakohoa kwanza, inasita, ndipo inaondoka. Kwenye tambarare ya Bunda, lami imenyooka na pikipiki imeshashika mwendo, hutasikia kitu. Huenda hata ukaisifu. Pandisha Butiama na abiria wawili ndipo utajua umenunua nini.

Vijana hudanganywa pia na namba za magari ya mashindano. Weber ya 40, ile aina ya DCOE inayotajwa kwa heshima na kila mpenda resi, haina koo la milimita 40. Hiyo 40 ni kipenyo cha mlango wa hewa. Ndani yake kuna koo linalochomolewa na kubadilishwa, mara nyingi la kati ya 28 na 36, na hilo ndilo linaloamua. Isitoshe, zikifungwa mbili kwenye injini ya silinda nne, kila koo linalisha silinda moja peke yake. Corolla ya zamani, silinda nne zikipokezana kabureta moja, ni mambo mengine kabisa.

Na walioshinda si lazima walikuwa na koo pana. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walipochukua Safari Rally mwaka 1965, walikuwa na Volvo PV544. Magari ya aina hiyo katika toleo la Sport yalitoka na kabureta mbili za SU, ambazo koo lake halina kipimo kimoja. Ndani kuna pistoni inayonyanyuliwa na mvuto wa injini yenyewe: ikihitaji hewa kidogo koo linabana, ikihitaji nyingi linafunguka. Baadhi ya pikipiki zetu zina kabureta za mtindo huo, na huko fundi ana kazi ndogo zaidi. Lakini ya kijana huyu ni ya slaidi inayovutwa na waya, na waya hauna busara.

Kabureta ikishafungwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya Musoma ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa karibu sehemu moja ya kumi. Injini inameza ujazo uleule, kwa hiyo ukubwa wa koo hauguswi. Kinachoharibika ni mchanganyiko: hewa imepungua uzito, petroli haikupungua kwa kiwango hicho. Jeti iliyopangwa kwa mji wa pwani huku inamwaga mafuta kupita kiasi, kwa asilimia tano au sita hivi. Fundi anashuka jeti hatua moja kabla hata hajaiwasha.

Mwingine angeichokonoa jeti kwa uzi wa waya wa breki. Hili linaniudhi, nalisema wazi. Tundu la milimita 1.20 ukilifikisha 1.25 umeongeza eneo lake kwa zaidi ya asilimia 8, na mkwaruzo wa waya hauachi hata duara. Huyu ana kopo la filimu ya kamera lililojaa jeti, anazipima kwa kuziinua juani moja moja, ananyamaza, anachagua.

Kisha safari. Kutoka Bweri kuelekea Kiabakari, mafuta yamefunguliwa yote, halafu ghafla kukaba klachi na kuzima palepale, pikipiki inaserereka hadi ukingoni. Plagi inafunguliwa ikiwa ya moto, kwa kitambaa. Anaigeuza mbele ya jicho, haangalii ncha tu, anachungulia chini kabisa, pale kauri inapozama ndani ya chuma, maana petroli ya siku hizi isiyo na risasi haipaki rangi kirahisi. Nyeusi yenye masizi, mafuta mengi. Nyeupe, hatari, pistoni inaungua. Anachotafuta ni pete nyembamba ya kahawia huko chini.

Mafuta nusu ni habari nyingine, hapo sindano ya slaidi ndiyo inatawala, na klipu yake ina mifuo mitano ya kuchagua. Anaishusha klipu mfuo mmoja, anajaribu kilima kidogo, anairudisha. Sailensa, yaani mngurumo wa injini usipovuta mafuta, anaiacha mwisho, injini ikiwa imepata moto: skrubu ya hewa inafunguliwa robo kwa robo mpaka mlio upande, kisha inarudishwa kidogo.

Kijana anataka kujua kuhusu ile ya 30 iliyobaki kwenye boksi. Fundi anamwambia airudishe dukani kabla risiti haijapotea, na hela atakayorudishiwa anunue kichujio cha hewa, maana kilichopo kimejaa vumbi la Nyamuswa na kipimo chote cha leo kimefanywa bila hicho.