Pembe katika Nembo

Wachoraji wa siasa wa Marekani katika karne ya 19 walilipa taifa lao umbo la mwanamke wa kubuniwa, Columbia. Nembo yetu imesimamisha wawili juu ya Kilimanjaro, mwanamume na mwanamke, karafuu na pamba miguuni pao. Usawa huo ndio uzuri wake. Lakini wameshika pembe za ndovu. Darasani tunakariri shoka, jembe na mkuki. Pembe tunazipita kana kwamba ni fremu ya picha. Huku Mugumu, jirani na hifadhi iliyoanzishwa 1951, ndovu ni mwizi wa mahindi, na pembe yake ni kesi mahakamani. Mchoraji ametupa pembe safi, bila mnyama, wala mkulima aliyekesha shambani.