Uumbaji usio na mkono wa Muumba

Anayeshuka kutoka Heru Juu hadi mjini Kasulu anafika makao makuu ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana. Ng'ambo ya Atlantiki, katika ushirika huohuo wa Kianglikana, lipo Kanisa Kuu la Kitaifa la Washington, ambalo ujenzi wake ulianza 1907 na kukamilika 1990. Juu ya mlango wa kati, upande wa magharibi, umechongwa ukuta mzima wa mawe ya chokaa: kazi ya Frederick Hart iliyozinduliwa 1982, iitwayo *Ex Nihilo*, kutoka pasipo kitu. Ni habari ya uumbaji, ila Mungu haonekani popote.

Kwa desturi ya Ulaya hilo si jambo dogo. Kwenye uso wa kanisa kuu la Orvieto, Italia, michongo ya karne ya 14 inamwonyesha Mungu mwenye joho akimwinamia Adamu na kutoa ubavu. Lorenzo Ghiberti naye, katika milango ya shaba nyeusi aliyoifanyia kazi Florence kati ya 1425 na 1452, alimwonyesha Muumba akimshika Adamu mkono na kumwinua. Msimulizi alihitaji mzee wa kutenda, na mtazamaji akajua pa kuangalia.

Hart alimwondoa mzee huyo, akaondoa na bustani, nyoka na tunda. Badala yake kuna watu wanane, wanawake wanne na wanaume wanne, wanaochomoza kutoka kwenye tufani ya jiwe. Hakuna aliyesimama ardhini kwa sababu ardhi yenyewe haijakuwapo. Msomaji wa Buha, eneo la Kasulu, ambako Imana alijulikana kuwa muumba bila kuchongewa sanamu, huenda akaona uamuzi huo ni wa kawaida kabisa.

Sasa, Mungu akiondolewa, nani anaumba? Jibu la Hart liko kwenye kina cha mchongo. Mahali pengine bega limeachana na ukuta kabisa, mwanga unapita nyuma yake; hatua chache pembeni, mguu umebaki mstari tu, na zaidi ya hapo ni mawimbi ambayo hayajaamua kuwa nywele, maji au upepo. Jicho likisafiri kutoka palipo bapa hadi palipotokeza, linapita hatua zote za kuumbwa. Hart alivutiwa na maandishi ya Teilhard de Chardin, padri Mjesuti na mtaalamu wa visukuku aliyeona uumbaji kuwa jambo linaloendelea. Wazo hilo gumu limefanyiwa kazi na tindo tu.

Mlango unaelekea magharibi, hivyo asubuhi mchongo uko kivulini na jua huufikia alasiri. Ndiyo maana mikato ya kina ni ya lazima: bila giza la kutosha nyuma ya viungo, miili ingezama ndani ya mawimbi.

Hart hakuwa mgeni wa nyundo. Alijifunza uchongaji papo hapo kanisani, chini ya fundi mkuu Roger Morigi, kabla ya kushinda nafasi ya kazi hii katika miaka ya 1970. Hata hivyo, alichofinyanga yeye ni udongo. Udongo ukatolewa kalibu, ukawa plasta, kisha kikosi cha Vincent Palumbo, mchongaji wa Kiitaliano, kikauhamishia kwenye jiwe. Kwa kazi kama hiyo mafundi hutumia fremu yenye sindano inayoteleza: sindano inagusa nukta kwenye plasta, inafungwa, inahamishiwa kwenye jiwe, na fundi anachimba hadi ncha ifike palepale. Nukta zikienea, mkono unaunganisha. Ni kazi ya kuchosha, na sifa nyingi zimemwendea Hart peke yake. Hiyo si haki.

Mwaka 1997 filamu *The Devil's Advocate* ilionyesha mchongo unaofanana sana na huu ukutani kwa Shetani, watu wake wakianza kusogea na kushikana kimapenzi. Hart na kanisa walishtaki Warner Bros., na mwaka uliofuata wakafikia mapatano. Filamu ikafanyiwa mabadiliko kwa matoleo yaliyofuata. Kesi hiyo inafichua udhaifu wa njia ya Hart. Mchongo usio na Mungu anayeonekana unategemea mlango wa kanisa ueleze maana. Ukuta ukibadilika, miili uchi inayosongamana husomwa vingine.

Udhaifu wa pili ni uzuri. Wanane wote ni vijana, misuli imekamilika, kana kwamba uumbaji ulipitia chumba cha mazoezi. Mchongaji wa Kimakonde anayetoa nguzo ya ujamaa kwenye gogo moja la mpingo, mtu juu ya mtu, huingiza wazee, mama wenye watoto mgongoni, hata nyuso zilizokunjamana. Yeye pia huwatoa watu kwenye kitu kimoja kisichogawanyika, ila gogo lake lina jamii nzima ndani.