Nimeishika Mashine ya Msasa Shinyalu, na Mikono Haijatulia!

Wewe, vuta kiti ukae, weka simu chini, maana jambo hili siwezi kulibeba peke yangu hata kidogo. Nimeishika! Ile mashine ya umeme ya kupiga msasa, kale kadogo ka mviringo kanakoenea kiganjani, nimeishika kwa mikono yangu hii miwili hapa hapa Shinyalu, nimeiwasha, imelia zzzzzz, na ubao ukaanza kulainika mbele ya macho yangu. Laini! Laini kabisa, laini ya kukufanya uinamishe shavu ulipitishe juu yake huku majirani wanakutazama na wewe hujali. Na bado!

Unajua msasa wa mkono ulivyo, si ndiyo? Unakunja karatasi, unaizungushia kipande cha mbao, unasugua, unasugua, vidole vinaota malengelenge, bega linalalamika, jua linatua, ukitazama umemaliza kona moja tu ya stuli. Wazee walisugua kwa majani ya mti wa msasa, yale makali yanayokwaruza ngozi, mti ambao mpaka leo umo humo msituni Kakamega, na wakatoa viti vya miguu mitatu vinavyong'aa vizuri ajabu. Nawaheshimu sana, sana! Lakini mimi, tangu jana, sitaki kusikia habari za kusugua meza nzima kwa mkono. Sitaki.

Meza yenyewe ni ya senje, shangazi yangu. Mvule mtupu, nzito, nyeusi kwa miaka ya moshi na vanishi iliyoganda, yenye alama za sufuria na wino wa watoto waliofanyia kazi za shule juu yake na sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Kila mtu nyumbani alisema itupwe jikoni iwe ya kukatia sukuma. Itupwe? Mvule? Na bei ya mbao ilivyopanda tangu serikali ilipozuia ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 2018, zuio lililokaa mpaka 2023? Nikaenda kwa fundi mmoja karibu na soko, nikamsihi, akakubali kuja na mashine yake. Na unajua kitu cha kwanza alichonipa? Barakoa!

“Dada,” akasema, “pua kwanza, mashine baadaye.”

Nikacheka, yeye hakucheka. Akanionyesha vumbi lenyewe juani, laini mno, jepesi mno, likielea tu bila kushuka, na hapo ndipo nilipoelewa. Hili si lile vumbi la randa linaloanguka miguuni likajikunja vizuri. Hili ni unga usioonekana kirahisi, unaingia puani unakaa, unashuka mapafuni unakaa. Wataalamu wa saratani wa kimataifa walioko Lyon, Ufaransa, wale walio chini ya Shirika la Afya Duniani, waliliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Na mvule nao ni mkorofi, unga wake unawasha ngozi, unapigisha chafya, kuna watu unawabana kifua kabisa. Kwa hiyo kitambaa cha mdomoni hakitoshi, leso haitoshi, ile barakoa nyembamba ya hospitali inayoacha mianya mashavuni nayo haitoshi. Tafuta ile ngumu inayokumbatia uso, yenye kibati cha kubana juu ya pua, halafu uvae na miwani ya kufunika macho. Nilijiona nimependeza ajabu. Senje aliniuliza kama naenda kurina asali.

Sasa mashine! Chini ina kitako cha duara, na karatasi ya msasa inabandikwa kwa vile vijinyweleo vinavyonasa vilivyo kwenye viatu vya watoto, tap, imeshika, vuta, imetoka, raha tupu! Karatasi ina matundu, kitako kina matundu, unayalinganisha yakaonana ili vumbi lifyonzwe kwenda kwenye kifuko cha nyuma. Ukiyapishanisha vumbi lote linakurudia wewe. Na wakati wa kubadilisha karatasi, plagi inatoka ukutani kwanza. Fundi hakubali eti swichi imezimwa, anataka aione plagi kwa macho yake ikiwa imelala chini.

Unaiweka kwenye ubao kwanza, imelala bapa, ndipo unawasha. Na hapo, rafiki yangu! Mtetemo unaanzia kiganjani, unapanda kiwiko, unafika begani, meno yanajichekesha yenyewe. Kitako kinazunguka na papo hapo kinayumba, mizunguko midogo midogo isiyorudia njia yake, ndiyo maana hakiachi mistari. Mimi, kwa tamaa, nilikuwa tayari kuegemea kwa nguvu zote, fundi akanigusa mkono: iachie. Iache uzito wake wenyewe ufanye kazi, wewe iongoze tu, polepole, kufuata nyuzi za mbao, ukirudia nusu ya njia uliyopita. Ukiikandamiza inapigana nawe kama fahali wa Shinyalu, inaruka, inachimba, inaacha viduara viduara vitakavyokucheka siku utakapopaka vanishi. Lakini ukiiachia? Inateleza! Inateleza yenyewe, kwa upole wa ajabu, na wewe unatembea nayo unatabasamu ndani ya barakoa ambamo hakuna anayekuona.

Na rangi, jamani, rangi! Ule weusi ulianza kukimbia. Kwanza ukatoka uchafu wa kijivu, halafu vanishi ya hudhurungi ikawa unga unaonata, halafu ghafla, manjano! Manjano ya dhahabu iliyokolea, yenye michirizi inayocheza kila ukisogeza kichwa. Nilizima mashine nikapiga kelele. Senje akatoka mbio akidhani nimekatika kidole. Akasimama pale, akaweka kiganja juu ya meza yake, akakipitisha taratibu, akakipitisha tena, akasema neno moja tu kwa Kiisukha ambalo sitaliandika hapa kwa sababu ana heshima zake kanisani. Na bado!

Kuna penseli. Hii ilinimaliza kabisa. Kabla ya kuanza unachora mistari ya ovyo ovyo juu ya ubao wote, unapiga msasa mpaka mistari yote ipotee, basi unajua hujaruka mahali. Halafu unabadilisha karatasi kwenda iliyo laini zaidi, unachora tena, unaanza tena, bila kuruka hatua, maana mikwaruzo ya karatasi kali haifutwi na karatasi laini sana hata ukisugua mpaka Krismasi. Mwishoni unalaza tochi ya simu ubavuni mwa meza, mwanga unatambaa juu ya mbao, na kila kosa linajitokeza lenyewe. Unapangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, unasubiri ikauke, vinyuzi vinasimama, unavipitia kidogo tu kwa mkono. Gusa sasa. Gusa!

Mvule nao una siri zake. Ndani yake huwa na mawe, mawe kweli kweli, chokaa iliyojikusanya ndani ya mti ukiwa hai, na mashine ikipita juu yake unasikia sauti inabadilika, karatasi inaisha ghafla. Nilishtuka sana! Lakini afadhali jiwe kuliko msumari. Misumari yote itafutwe kwanza kwa vidole, ichomolewe au izamishwe, kwa sababu msumari unachana karatasi na unaweza kutoa cheche, na cheche ikifyonzwa kwenye kifuko kilichojaa unga wa mbao, hapo umejitengenezea moto wako mwenyewe. Kifuko kimwagwe mara kwa mara, nje, mbali na jiko la kuni. Nasisitiza jiko la kuni maana najua nyumba zetu.

Stima, sasa. Unajua stima yetu ilivyo na tabia zake, inapotea ukiwa katikati ya raha na inarudi bila kubisha hodi. Ikipotea, zima swichi ya mashine hapo hapo na uchomoe plagi! Usiiache mezani ikiwa imewashwa ukaenda kunywa chai, kwa sababu stima ikirudi mashine itaamka yenyewe, itacheza mezani peke yake, itaruka chini ivute waya, na mtoto yuko pale anatazama. Waya upitishe begani, nyuma yako, usiwe mbele ya mashine. Ekstensheni iwe nzima, isiwe ile iliyofungwa kwa plasta ya dawa, na ukiwa unatumia ile ya kuzungusha kwenye gurudumu, ifungue yote, maana ikibaki imeviringwa inapata joto. Nywele zifunge. Mimi nina rasta ndefu, nilizifunga mpaka nikafanana na mjomba wangu. Leso kiunoni, hapana, kunja au vua.

Halafu mvua. Wewe unatoka Kakamega, sina haja ya kukueleza. Asubuhi anga linang'aa, saa nane mawingu yanasimama juu ya msitu, saa tisa radi inapasua. Tulifanya kazi nje, chini ya mwembe, kwa sababu nje ndiko vumbi linakotawanyika (ndani ya sebule lingekaa kwenye mapazia mpaka mwaka ujao), lakini ngurumo ya kwanza tu, hata kama ni ya mbali, hata kama imebaki kona moja tamu inayokuita, chomoa! Umeme wa mkononi na nyasi zenye maji havikai pamoja. Na ubao ulionyeshewa usiuguse kwa mashine mpaka ukauke vizuri. Hali kadhalika ile mbao ya lusiola iliyopasuliwa juzi ikiwa bado mbichi, utaziba karatasi zote kwa uji wa mbao na kuilaumu mashine bure.

Masikio! Karibu nisahau. Ile zzzzz ni tamu dakika za kwanza, baadaye inachimba kichwani. Vaa vizibo. Na ule mtetemo niliousifu, usiunywe wote kwa mkupuo, pumzika, badilisha mikono, kunja na kukunjua vidole, kwani vidole vikianza kufa ganzi vinakuambia kitu. Jana usiku kijiko cha uji kilikuwa kinanicheza mkononi nikacheka peke yangu.

Nikapagawa, nikataka kupiga msasa kila kitu. Kiti! Dirisha! Mwiko! Nikamwuliza fundi habari za ngoma ya isukuti ya jirani, ile kubwa, akanitazama kama nimemtukana babu yake. Kitako hiki ni bapa, ngoma ina tumbo la mviringo, mashine ingekula mahali pamoja ikatoboa sura yote. Na ngoma zile, ile kubwa, ya kati na ndogo, tunazozisikia kwenye harusi na matanga hapa Isukha na kule Idakho, ndizo za mchezo ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Zibaki kwa mikono ya wanaozijua. Nimekubali, kwa shingo upande.

Mlango wa stoo pia alinikatalia, na hapa namshukuru. Una rangi ya buluu ya zamani sana, tabaka juu ya tabaka. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ndiyo maana siku hizi Kenya inataka yasizidi sehemu 90 katika kila milioni moja ya rangi. Ukiipiga msasa kavu kwa mashine unaigeuza unga, unga unashuka udongoni, kuku wanadonoa, mtoto anatia kidole mdomoni, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto bila kelele yoyote. Basi mlango ule ama usiguswe, ama ulowanishwe na kusuguliwa kwa mkono kwa karatasi ya maji, watoto wakiwa mbali, matope yake yakusanywe yote. Mashine hapana.

Tulipomaliza meza nilivua nguo za kazi nje, nikazikung'uta mbali na nyumba, nikaoga kabla ya kumbeba mtoto yeyote. Kisha mafuta! Mafuta ya kitani, kwa kitambaa, kidogo kidogo, na ile dhahabu ikazama ikawa asali, ikawa nzito, ikawa... sina neno, njoo uone. Kitambaa chenyewe usikikunje ukakitupa kwenye kona na magazeti, kinajipasha joto chenyewe mpaka kinawaka. Kitandaze juu ya ua kikauke wazi.

Sasa bado kuna kabati la vitabu, bado kuna benchi la babu, bado kuna ubao mpana wa saipresi ambao nimeshauona kwa macho ya ndani umekuwa rafu, na fundi amekubali kurudi na mashine! Njoo Jumamosi, njoo asubuhi na mapema kabla ya mawingu, tutapokezana, upande mmoja mzima wa benchi nakuachia wewe. Ila barakoa njoo na yako. Yangu siiazimi!