Hadithi za Picha katika Nachingwea na Ruangwa

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma habari za mithali, vitendawili, ngano, na desturi za jando na unyago. Leo twataka kunena juu ya jambo ambalo waalimu wengi hulihesabu kuwa upuzi wa watoto, nalo ni hadithi za picha, ambazo watu huziita katuni au vibonzo. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa wanafunzi hupokezana magazeti makuukuu yenye hadithi hizo mpaka yawakatikie mikononi. Hukaa chini ya mwembe wakabishana ni yupi aliye bora miongoni mwa watu wa picha. Kisha huchukua daftari la hesabu, wakagawanya ukurasa kwa rula uwe visanduku sita au vinane, wakachora hadithi zao wenyewe. Daftari hilo hupita kwa siri kutoka dawati hata dawati, na mwalimu akiliona hulinyang'anya, na mara nyingine hulichana.

Hatumtetei mtoto achoraye wakati wa hesabu. Huyo na aonywe. Lakini daftari lenyewe, likiisha kuwa juu ya meza ya mwalimu, lahukumiwa kwa kipimo gani? Tumepata kusoma madaftari kadhaa ya namna hiyo, nasi twaona kwamba yafaa kupimwa kwa haki, kama tupimavyo ngano au shairi.

Kwanza tukumbuke kwamba kazi hii ililelewa shuleni. Wachunguzi wengi humtaja Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva katika nchi ya Uswisi, kuwa baba wa hadithi za picha za namna ya sasa. Alikuwa na shule ya bweni, naye tangu mwaka 1827 alichora visa vya kuchekesha ili kuwafurahisha wanafunzi wake. Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, alivisoma akavisifu, na mwaka 1833 kimoja kikapigwa chapa.

Wala katika nchi zetu hizi za kusini kuchora tukio ili kulisimulia hakukuletwa na magazeti. Mwaka 1906 Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alisafiri kutoka Lindi kwenda Masasi na Newala. Aliwapa wapagazi wake na watu wengine karatasi na kalamu ya risasi, wakachora walipendalo, na michoro yao imo katika kitabu alichokitoa mwaka 1908. Wengi wao hawakuwa wamezoea kushika kalamu, lakini walichora ngoma, wanyama, meli na mambo waliyoyaona safarini. Basi mtoto wa Nachingwea achoraye leo ana wazee waliomtangulia katika kazi hiyo.

Sasa tuwaangalie mabingwa ambao watoto huwaiga. Katika Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo mingi, hata wasomaji wa Taifa Leo wakamjua kama jirani yao. Juha ni mpumbavu, na kalulu ni sungura katika lugha za upande wa Nyasa. Hivyo jina moja limemfunga mpumbavu pamoja na mjanja. Katika Tanzania, zamani za Azimio la Arusha, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Kisha katika miaka ya 1970 likatokea gazeti la Sani, ambalo jina lake limetwaliwa katika majina ya waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki akingali kijana, aliwapa sura Lodi Lofa, Dokta Love Pimbi na Ndumilakuwili.

Yatazameni majina hayo, kwa maana ndani yake mna nusu ya hadithi. Lodi ni neno la Kiingereza la kumwitia mtukufu, na lofa ni mtu asiye na kazi wala senti. Basi msomaji, kabla hajaiona picha, amekwisha kujua kwamba atakutana na mtu mwenye majivuno na mifuko mitupu. Pimbi ni mnyama mdogo wa mawe, nalo ni jina la utani la mtu mfupi. Ndumilakuwili ni nyoka ambaye watu husema kwamba huuma kwa ncha zote mbili, tena ni mtu asemaye hivi kwa huyu na vile kwa yule. Ngano zetu ndivyo zifanyavyo zinaposema "Fisi": hakuna haja ya kueleza tabia yake, kwa kuwa jina limekwisha kumshtaki.

Hapa pana jambo lihusulo Nachingwea hasa. Chama cha FRELIMO kilikuwa na kambi yake kubwa ya mafunzo huko wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 watu wa chama hicho walitoa picha za mtu aitwaye Xiconhoca, nazo zilianza kuonekana mwaka 1976. Mwisho wa jina hilo ni nhoca, yaani nyoka, neno ambalo kila mtu wa kando ya Ruvuma hulisikia bila mfasiri. Basi ng'ambo zote mbili za mto wachoraji walipotaka kumwonyesha mnafiki walimwita nyoka. Lakini nyoka hawa si sawa. Xiconhoca alichorwa ili watu wamjue adui: mlevi, mvivu, msaliti wa wenzake. Msomaji ameambiwa amchukie, naye akiisha kumchukia hana kazi nyingine. Ndumilakuwili humchukiza msomaji na kumchekesha pamoja, hata msomaji akajiuliza kama hakupata yeye mwenyewe kusema maneno mawili kwa watu wawili. Kwa hukumu yetu huyu wa pili ni kazi bora zaidi, kwa sababu amemwachia msomaji nafasi ya kujibu.

Nafasi hiyo ya kujibu ndiyo kipimo tunachokitafuta, na kipimo hicho tumekipata nyumbani. Uta Reuster-Jahn, aliyechunguza ngano za Wamwera na kutoa kitabu juu yake mwaka 2002, ameonyesha kwamba kusimulia kwao ni kazi ya ushirika. Msimuliaji hasemi peke yake. Wasikilizaji humwitikia, na hadithi huenda mbele kwa nguvu ya pande zote mbili. Mwalimu yeyote aliyekaa jioni katika vijiji vya huko amesikia vilevile jinsi wimbo wa ndani ya ngano uanzishwavyo na mmoja ukaitikiwa na wote. Kama hapana mwitikio, ngano imekufa. Basi na hadithi ya picha tuiulize: Je, msomaji ameachiwa mahali pa kuitikia?

Daftari la kwanza tulilolisoma, la kijana wa Nachingwea, lina shujaa avaaye joho aina ya wale wa Marekani, arukaye juu ya maghorofa. Mkono wa mchoraji ni mwepesi, na maghorofa yamesimama vizuri. Lakini shujaa akipiga husema, "Ninakupiga," na adui akianguka husema, "Ninaanguka." Maneno yamerudia yale ambayo macho yamekwisha kuyaona. Pembeni mwa kurasa zake hatukukuta neno lo lote lililoandikwa na wasomaji, nasi hatukustaajabu.

Daftari la pili latoka pia Nachingwea, nalo ni la Fisi anunuaye korosho kwa kangomba. Wasomaji wa mbali na wajue kwamba kangomba ni chombo cha kupimia, na jina lake limekuwa jina la biashara yenyewe, yaani kununua korosho za mkulima mwenye shida kwa bei ndogo, nje ya chama cha ushirika. Sungura amuuzia Fisi gunia lenye korosho juu na mchanga chini. Fisi alifikisha ghalani, mchanga wamwagika, watu wacheka. Mpaka hapo ni ngano tuijuayo sote. Lakini katika kisanduku cha mwisho Sungura, akiwa na fedha za Fisi, anatoka dukani na kangomba mpya kwapani. Hakuna neno lililoandikwa hapo. Pembeni, kwa mwandiko mwingine, msomaji ameandika: "Huyu namjua, ni mjomba." Na wa tatu akamjibu: "Basi mpelekee mjomba asome." Kwa watu wafuatao ukoo wa mama, kama Wamwera, ambao mjomba ana amri juu ya watoto wa dada yake, neno hilo si la mchezo. Mchoraji ameanzisha, na wenzake wameitikia.

Daftari la tatu ni la msichana wa Ruangwa. Lilitufikia likiwa limechanwa vipande viwili na kuunganishwa kwa gundi, maana lilinyang'anywa katika shule moja kwa sababu, kama ilivyosemwa, "lina mambo ya unyago." Tumelisoma lote. Kisanduku cha kwanza chaonyesha mtoto katika sare ya shule. Cha pili, bibi yake ahesabu siku kwa vidole. Cha tatu, ngoma. Cha nne, mlango wa nyumba umefungwa. Cha tano, mlango uleule bado umefungwa. Cha sita, dawati tupu darasani. Pembeni msomaji mmoja ameuliza: "Atarudi lini?" Na mwingine: "Muulize bibi."

Ndugu waalimu, katika kurasa hizo hamna siri hata moja ya unyago iliyofunuliwa. Mchoraji amesimama nje ya mlango, kama desturi impasavyo, akauchora mlango mara mbili. Ameiheshimu mila ya wazee wake, na pamoja na hayo ameuliza jambo ambalo kila mwalimu mwenye dawati tupu hujiuliza. Aliyelichana daftari hilo alichana swali lililokuwa lake mwenyewe.

Hatusemi kwamba kazi hizi hazina makosa. Magazeti ya katuni ya mjini mara nyingi humchora mwanamke kwa ajili ya umbo lake tu, au kama mtu apendaye fedha za wanaume na si zaidi, na wavulana wameiga ubaya huo bila kuufikiri. Jambo hilo lafaa kuonywa waziwazi. Juu ya lugha hukumu ni ngumu kidogo. Wengi hulalamika kwamba watoto hujaza visanduku maneno ya mitaani. Maneno hayo si takataka tu: Reuster-Jahn yuleyule, pamoja na Roland Kießling, waliyachunguza na kuyachapisha mwaka 2006, nao walikuta ndani yake mafumbo na mifano ya kila namna. Katika Kenya jarida la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010, limeandikwa kwa Sheng, na vijana wamemwandikia mtu wake mkuu, DJ Boyie, kana kwamba ni rafiki wa kweli. Sisi twasema hivi: neno la mitaani kinywani mwa kondakta wa basi ni Kiswahili kilichosikiwa vema, neno hilohilo kinywani mwa bibi wa Ruangwa ni kosa la sikio. Mwalimu na amsahihishe mtoto kwa kumuuliza, "Bibi yako husemaje?" Akiuliza hivyo amemfundisha lugha, na huenda akapata maneno mazuri ambayo vitabu vyetu havijayaandika.

Mwisho, wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kuipita njia hii. Mwaka 1948, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, watoto wa shule ya kanisa walikusanya vitabu vya katuni wakavitia moto, na watu wazima wakafurahi. Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham alitoa kitabu cha kusema kwamba katuni huwaharibu watoto, na wengi wakakiamini. Mwaka 2012 mwanachuoni Carol Tilley, baada ya kuzisoma karatasi za daktari huyo, alionyesha kwamba alikuwa amebadilisha na kupotosha maneno ya watoto aliowataja. Moto ulikuwa umekwisha kuwaka zamani, na majivu hayarudi kuwa karatasi.

Basi twatoa shauri dogo. Mwalimu akilishika daftari la namna hii, alisome mpaka mwisho kabla hajaamua neno. Aangalie kama maneno yameongeza kitu juu ya picha. Aangalie kama kila mtu asema kwa kinywa chake. Tena asome pembeni, mahali walipoandika wasomaji. Kisha alirudishe saa ya kutoka shule, pamoja na penseli. Na wale mapadre na waalimu wakusanyao ngano wafanye zaidi: waombe ruhusa ya mchoraji, wanakili hadithi yake pamoja na majibu yote ya pembeni, na tarehe, na jina la kijiji. Weule aliihifadhi michoro ya wapagazi kwa sababu aliona ina thamani. Madaftari ya watoto wetu hayakai muda mrefu. Mvua, mchwa na mikono yetu wenyewe huyamaliza upesi.