Mutanga: Ufundi wa Kutundika Neno

Mutanga ni kamba inayotundikwa vitu vidogo vidogo mbele ya watu, na kila kitu kinabeba methali yake. Hakuna maandishi. Kuna mdomo wa hondohondo, gamba la kakakuona, kombe la konokono, unyoya, jani kavu, kipande cha gome. Asiyefundishwa huona takataka za msituni; aliyefundishwa husoma. Ufundi huu ni wa Walega, ambao nchi yao inaanzia kwenye misitu ya Mwenga na Shabunda, Kivu Kusini, na kushuka hadi Pangi, mashariki mwa Kindu. Mto Elila hupita katika nchi hiyo kabla ya kuingia Mto Lualaba. Kindu yenyewe, mji mkuu wa mkoa wa Maniema, ni mji wa makabila mengi yanayoelewana kwa Kiswahili, na Walega ni miongoni mwao.

Kamba hiyo haikuwa pambo. Ilikuwa chombo cha kufundishia katika Bwami, chama kilichoshika maisha ya Walega kwa vizazi vingi. Walega hawakuwa na mfalme mmoja juu ya nchi nzima. Heshima ya mtu ilitokana na daraja alilofikia katika Bwami, na daraja lilipatikana kwa mwenendo mwema, kwa kukubaliwa na ndugu na wanachama, na kwa mali iliyotolewa na kugawanywa, ikiwemo musanga, fedha yao ya vipande vya kombe la konokono. Daraja la juu kabisa kwa wanaume liliitwa kindi, na chini yake yananio. Wanawake walikuwa na madaraja yao, la juu likiwa bunyamwa, na mwanamume alipanda pamoja na mkewe. Shabaha ya safari hiyo yote iliitwa busoga, yaani wema na uzuri visivyotenganishwa.

Katika shule ya namna hiyo neno halitupwi ovyo. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuchagua kitu. Kitu kizuri cha kutundika ni kile ambacho kila mtu anakijua kwa macho, lakini wachache wamekitafakari. Kakakuona ni mfano bora. Mnyama huyu ni mtakatifu kwa Walega na haruhusiwi kuwindwa. Husimuliwa kwamba magamba yake, yanavyopandiana moja juu ya jingine, ndiyo yaliyowafundisha watu kuezeka nyumba kwa majani. Gamba moja tu likining'inia kambani, mazungumzo yanaweza kwenda kwenye nyumba, kwenye ndugu wanaofunikana, kwenye mwiko na adhabu ya kuuvunja. Kitu kikubwa cha ajabu kisingefanya kazi hiyo, kwa sababu watu wangebaki kukishangaa chenyewe.

Kazi ya pili ni kupanga. Mwalimu huenda kutoka kitu hadi kitu, na kila kimoja hupata nafasi yake katika mfululizo. Hasomi kama anayehesabu mali. Hutamka methali, huiimba, huicheza kwa mwili, na waliohudhuria huitikia. Kitu, neno, wimbo na mchezo hushirikiana, kila kimoja kikiziba pengo la mwenzake. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa Ubelgiji aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Walega katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu kikubwa kuhusu utamaduni wao mwaka 1973, alionyesha kwamba kitu kilekile hubadilika maana kulingana na daraja, mahali na vitu vilivyo jirani yake. Mdomo wa ndege unaomkumbusha kijana asiropoke waweza, katika daraja jingine, kumkumbusha mzee jambo tofauti kabisa. Kwa hiyo anayejua methali moja kwa kitu kimoja bado hajajua kamba.

Vipo pia vitu vilivyochongwa: sanamu na vinyago vya mti, mfupa na pembe ya ndovu. Sakimatwematwe, Bwana Vichwa-Vingi, ni sanamu yenye nyuso zinazotazama pande mbalimbali. Husemwa kwamba aliona tembo ng'ambo ya mto mkubwa, na kwa hiyo ni mfano wa mzee mwenye busara anayeangalia mambo kutoka kila upande. Kuboko Kumozi, wa mkono mmoja, ni mtu aliyeponzwa na ugomvi wake. Kuhusu kugombana mwalimu hahitaji hotuba ndefu: mkono usiokuwepo unatosha. Hapo ndipo uhodari wa fundi unapoonekana, katika kujua ni kiasi gani cha kuonyesha na kiasi gani cha kuwaachia watazamaji wakamilishe wenyewe.

Kwa mgeni wa ufundi huu, mafunzo huanza kwa kusikiliza. Anayeingia hapewi nafasi ya kutundika chake. Huongozwa na wadhamini na walezi, huzungushwa mbele ya vitu, husikia methali zikirudiwa na walimu tofauti kwa namna tofauti, na hulipa kwa kila hatua. Malipo hayo yana maana yake: neno lililogharimu halisemwi kwa pupa. Baadaye hujifunza mipaka. Yapo maneno ya daraja lake na yapo yasiyo ya daraja lake. Kuyasema ya juu kabla ya wakati ni aibu kwake na kwa waliomdhamini. Mwisho hujifunza kukubali kusahihishwa hadharani, kwa kuwa methali si mali ya msemaji. Ni ya wote waliokaa pale, na mzee yeyote anayejua tafsiri nyingine ana haki ya kuiongeza.

Mafunzo hayo matatu, yaani kusikiliza kwanza, kujua mipaka na kukubali kuongezewa, yanamfaa kila anayetaka kuweka neno lake mbele ya umma. Si Walega peke yao walioona kwamba kitu kinaweza kusema mahali ambapo mdomo ungeleta balaa. Wawoyo wa mwambao wa Atlantiki, karibu na mdomo wa Mto Kongo, walichonga methali katika vifuniko vya vyungu, na mke aliweza kumpelekea mumewe chakula kilichofunikwa kwa lawama yake. Katika pwani ya Waswahili kanga hufanya kazi hiyohiyo: ina pindo, mji na jina, na jina ndilo linalomfikia jirani bila mvaaji kufungua kinywa. Tofauti ni kwamba kanga husema mara moja na kupita na mvaaji wake, ilhali mutanga hubaki pale ikisubiri mfasiri.

Kusubiri huko ndiko nguvu yake na ndiko udhaifu wake. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilikitilia shaka chama cha Bwami na ikakipiga marufuku rasmi mwaka 1948. Kabla na baada ya hapo vitu vyake vingi vilitoka msituni kwenda ng'ambo. Leo sanamu na vinyago vya Walega vimo katika jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji, katika Fowler Museum mjini Los Angeles, na katika nyumba za wakusanyaji wengi. Vinasifiwa kwa umbo, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo kinyago kilichowekwa ndani ya kioo bila methali yake kimenyang'anywa nusu yake iliyo bora, na mdomo wa hondohondo usio na mwalimu unarudi kuwa mdomo wa ndege tu.

Nusu hiyo bado inaweza kuokolewa, kwa kuwa methali hazihitaji meli wala ruhusa ya jumba la makumbusho ili zirudi nyumbani. Walimu na wanafunzi wa Pangi na Kindu wana simu zinazorekodi sauti. Wawaendee wazee wanaokumbuka, wawaombe waeleze kitu kimoja kimoja kwa Kilega na kwa Kiswahili, na waandike tafsiri zote, hata zinazopingana.